Kijiti Alitoroka, Wimbo Ukabaki

Kesi yenyewe ilikuwa ya aibu. Katika miaka ya 1920, mwanamke mja mzito aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja alichukuliwa usiku kwenda ngomani na mwanamume aliyejulikana kwa jina la Kijiti. Hakurudi hai. Kijiti akavuka bahari, akatokomea bara. Waliosimama mbele ya mahakama ni wanawake waliofuatana na marehemu usiku ule. Walikwenda kutoa ushahidi, wakageuziwa kibao kwa ajili ya pombe iliyonywewa, na adhabu ikawashukia wao.

Huko serikalini jambo likaisha. Ng'ambo, upande wa pili wa mji ambako wengi walikuwa watu wa kipato kidogo, kesi ile iliendelea kusikilizwa kwa udi na fidla. Siti binti Saad aliitungia wimbo wenye jina la muuaji mwenyewe, "Kijiti", akaisimulia tangu mgeni anatolewa nyumbani hadi mashahidi wanapobebeshwa mzigo usio wao. Asiyewahi kusikia habari hizo, akiusikiliza wimbo mara moja tu, anajua nani alitenda, nani alikufa na nani alionewa. Hukumu ya mahakama hawakuikumbuka wengi. Hukumu ya Siti inaimbwa hadi karne hii, na marehemu Bi Kidude ni mmoja wa walioirithi na kuipeleka mbele.

Watu wa pwani wanajua uzito wa kitendo hicho cha kutaja jina. Taarab ni sanaa ya mafumbo. Mwimbaji hurusha neno hewani bila kusema ni la nani, na aliyekusudiwa hujijua mwenyewe kitini pale alipo. Fumbo lina utamu wake na lina kinga yake, kwani anayelalamika ndiye anayekiri kwamba limemgusa. Siti alilijua vizuri na alilitumia katika nyimbo nyingi. Lakini kwa damu ya yule mgeni aliliweka kando. Kuna mambo ambayo ukiyafumba umemsaidia aliyeyatenda.

Alikuwa na sababu za kujua dhuluma inavyofanya kazi. Alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, kwa wazazi waliokuwa na asili ya utumwa, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja mpaka 1897. Alikuwa mfinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavibeba kichwani, akavitembeza akivinadi kwa sauti ile ile iliyokuja kumpa jina. Alipohamia mjini, karibu na mwaka 1911, taarab ilikuwa bado na harufu ya jumba la Sultani. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta mtindo huo kutoka Misri, na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, kiliuendeleza kwa nyimbo za Kiarabu. Siti aliuimba kwa Kiswahili. Matajiri walimwita majumbani mwao, naye akaenda, akaimba, kisha akarudi Ng'ambo ambako majirani walikuja jioni na habari za siku: nani kafungwa, nani kadhulumiwa shamba, karani gani kala fedha za watu.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Santuri zilipofika Afrika Mashariki, sauti ya mfinyanzi wa Fumba ilisikika katika migahawa na barazani, mbali kabisa na Unguja. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Mwenye mashine alikuwa mfanyabiashara wa mbali, na shida yake ilikuwa soko. Ukoloni wa Kiingereza ulikuwa na mahakama, magereza na polisi, lakini mitambo ya kunasa na kuuza sauti haikuwa mali yake. Katika historia ya muziki wetu, ujasiri wa mwimbaji umekuwapo karibu kila zama. Kilichobadilika ni nani mwenye mashine.

Baada ya uhuru mashine ikawa ya taifa. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kwa mazoea, ndiyo iliyorusha matangazo na ndiyo iliyokuwa na studio ya kurekodia bendi. Ni lazima itendewe haki. Bila RTD tusingekuwa leo na sauti za Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab kwa wingi tulionao. Bendi ziliingia studio bila kulipia, mafundi wakanasa muziki wote kwa mkupuo, na jioni nchi nzima ikasikia. Bendi nyingi kubwa zenyewe zilikuwa chini ya vyombo vya umma: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, na baadaye Mlimani Park iliyochukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, vyombo na mahali pa kulala. Mwanamuziki wa leo angeyatamani hayo.

Ila shairi lilitangulia kwa karatasi. Kabla bendi haijapiga hata noti moja, maneno yalisomwa na wahusika wa redio, na yaliyoonekana hayafai yalirudishwa. Matokeo yake yanasikika ukikaa na nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 kwa siku kadhaa. Zina ukweli mwingi, tena mchungu: mlevi anayemaliza mshahara baa, mwanamume anayetelekeza watoto, kijana anayekimbia jembe, mlanguzi anayeficha sukari. Kwa sehemu kubwa ukweli huo unatazama chini. Unamkaripia mtu wa kawaida. Meneja wa shirika la umma aliyelifilisi shirika, mkubwa aliyejigawia kiwanja, hao utawatafuta sana. Wakitokea, wametokea ndani ya fumbo zito kiasi kwamba hata mashabiki waliokuwepo ukumbini hawakubaliani wimbo ulimlenga nani.

Aliyeuvunja mpango huo alitoka Kongo. Ramazani Mtoro Ongala, Remmy kwa wengi, alizaliwa Kindu mwaka 1947 na kuingia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 kupigia Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Aliimba juu ya kifo, ufukara na mnyonge asiye na haki, kwa Kiswahili chenye lafudhi yake mwenyewe ambacho kila kondakta na mama lishe alikielewa. Watu walimwita Dokta.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo misiba ilijaa na sababu haikutajwa. Ilisemwa ni homa, ni kurogwa, ni maradhi ya muda mrefu. Viongozi wa dini na wa serikali walisita kuitaja kondomu mbele ya watu, na redio ikasita nao. Karibu na mwaka 1990 Remmy akatoa "Mambo kwa Soksi", wimbo unaowaambia wanaume waziwazi wavae mpira. RTD haikuupiga.

Lakini kipindi hicho mashine mpya ilikuwa imeshaingia mitaani: redio kaseti. Kijana mwenye kanda tupu na vinasa viwili aliweza kunakili wimbo usiku na kuuza asubuhi. "Mambo kwa Soksi" ukapigwa kwenye baa, kwenye mabasi, kwenye vibanda vya sokoni, na neno "soksi" likapata maana ya pili ambayo watu wa rika lile wanaikumbuka mpaka sasa. Hapa mwandishi hana budi kusema bila kuzunguka: katika miaka ambayo taifa lilikuwa likizika vijana wake, mpiga gitaa alikuwa mkweli kuliko taasisi zilizopewa dhamana ya kusema kweli. Kulikuwa na watu ambao maneno yale yangewafikia mapema zaidi kama redio ya taifa ingeyabeba.

Sheria ya utangazaji ya 1993 iliondoa ukiritimba, na mwaka uliofuata Radio One ikaanza kusikika Dar es Salaam. Vijana waliokuwa wakirap kwa kuiga Wamarekani wakageukia Kiswahili na matatizo ya mitaani kwao. Bongo Fleva ya miaka ile ya kwanza, kabla mapenzi hayajatawala kila kitu, ilikuwa na hamu kubwa ya kusema. Wagosi wa Kaya kutoka Tanga waliimba hata juu ya wauguzi na namna wagonjwa wanavyopokelewa hospitalini.

Hata hivyo kazi iliyokaa kwenye kumbukumbu za wengi ni ya Professor Jay, Joseph Haule, katika albamu yake Machozi, Jasho na Damu ya 2001. Katika "Ndiyo Mzee" hakumshutumu mwanasiasa. Alijivika kanzu yake. Ni mgombea jukwaani, na kila ahadi inaishinda iliyotangulia kwa ukubwa, mpaka wanafunzi wanaahidiwa kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo mwezini. Na kila mara umati unaitikia kwamba ndiyo, mzee. Ukiusikiliza vizuri, mwongo ndani ya wimbo ule si mgombea peke yake. Umati unajua kwamba mwezini hakuna anayekwenda, na bado unaitikia. Wimbo unamshika mkono msikilizaji mwenyewe, unamwuliza alikuwa wapi siku ya mkutano na kwa nini alipiga makofi. Baadaye Jay alitoa jibu lake, "Siyo Mzee", ambamo umati umechoka. Mwaka 2015 wananchi wa Mikumi walimchagua kuwa mbunge wao, akakaa bungeni hadi 2020.

Kule Kenya, mwaka huo huo wa 2001, Eric Wainaina alitoa "Nchi ya Kitu Kidogo". Hongo ilikuwa na majina ya upole: kitu kidogo, chai. Wainaina alichukua jina hilo la upole akaliandika kama jina la nchi nzima, na ndani yake mtaka chai anakumbushwa kuna Limuru, kwenye mashamba ya majani ya chai juu ya Nairobi. Shirika la utangazaji la serikali halikuupenda wimbo huo. Vituo vya binafsi viliubeba. Mwaka uliofuata "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji ukawa wimbo wa wapinzani, na chama tawala, KANU, kikaondoka madarakani baada ya miaka 39. Somo chungu lilifuata upesi. Kufikia 2004 serikali mpya, iliyoingia Ikulu huku ikishangiliwa kwa wimbo ule, ilikuwa na kashfa yake ya rushwa, Anglo Leasing. Wimbo ukishachukuliwa na chama unapoteza uwezo wa kukikemea, na wanasiasa wanalijua hilo, ndiyo maana kila kampeni hutafuta wasanii kabla ya kutafuta sera.

Machi 2017 Tanzania ilishuhudia jambo ambalo bado halijatafakariwa vya kutosha. Nay wa Mitego alitoa "Wapo", wimbo wenye maswali makali juu ya hali ya nchi. Msanii alikamatwa akiwa mkoani Morogoro baada ya onyesho, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia wimbo. Kabla siku mbili hazijapita, waziri mpya wa habari, Harrison Mwakyembe, alitangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo, msanii aachiwe na wimbo upigwe, na ikiwezekana aongeze wakwepa kodi na wauza unga. Mashabiki walifurahi, na ni haki yao, kwani kijana alirudi nyumbani.

Lakini wimbo ulioachiwa kwa sababu mkubwa ameupenda ungebaki kifungoni kama angeuchukia, na siku chache baadaye, Aprili 2017, rapa mwingine, Roma Mkatoliki, alichukuliwa studioni na watu wasiojulikana. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na simu ya mkononi, mashine ambayo ilidhaniwa haina mwenyewe, ikapata msimamizi. Tofauti na Bombay ya 1928, mkono wa mkaguzi sasa unafika mpaka kwenye kiganja cha msikilizaji.

Kanda za RTD zimehifadhiwa hadi leo na mrithi wake, TBC, na watafiti wamekuwa wakiomba zinakiliwe kidijitali kabla hazijaoza. Ombi hilo ni la haki. Ila mashairi yaliyorudishwa mezani hayana kanda. Yamebaki vichwani mwa wapiga gitaa, waimbaji na wapuliza tarumbeta ambao wengi wao sasa wamevuka miaka 70, na kila msiba wa mwanamuziki mkongwe unaondoka na machache. Msomaji mwenye baba, mjomba au jirani aliyepiga muziki katika bendi za zamani na akae naye jioni moja, amwulize ni wimbo gani waliokataliwa kuurekodi na ulimtaja nani, kisha auandike neno kwa neno, na tarehe yake.