Baiskeli Ililala Jikoni

Chuo nilichosomea ualimu mjini Tarime mwaka 1982 kilikuwa na mabweni, bwalo, shamba la mahindi na banda moja la gari, nalo lilikuwa la mkuu wa chuo. Mwanachuo hakutengewa mahali pa kuweka chombo, maana hakutarajiwa kuwa nacho. Shida ni kwamba wengi wetu hatukuwa watoto. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote (UPE) ifikapo 1977, na walimu wa UPE wakafundishwa hukohuko vijijini, asubuhi wakisimama mbele ya darasa, mchana wakisoma wao. Walipokuja chuoni kujiendeleza walikuwa na wake, mashamba na baiskeli.

Na baiskeli ya miaka hiyo si ya kuegemeza ukutani ukaenda kula ugali. Kuipata dukani kulihitaji kibali, na RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, ikileta chache, zimeshagawiwa kabla hujasikia. Mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983, kwa hiyo tairi, tyubu na mnyororo vilitoka Isebania, upande wa Kenya, usiku, kwa njia za panya zilizokwepa kituo cha mpakani cha Sirari. Mwaka 1983 ilipoanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Sokoine, hata mpira mpya usio na risiti ulimkosesha mtu usingizi. Namkumbuka mwenzetu mmoja aliyepaka matope tairi zake mpya kila Ijumaa.

Wezi nao walikuwepo. Wizi wa ng'ombe ni habari ya kale Tarime, lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki ziliongezeka mikononi mwa watu, na mambo yakawa mengine kabisa. Mali iliyolala nje ilihesabiwa kuwa imekwenda. Bwenini ulikatazwa kuingiza baiskeli, nje huwezi kuiacha. Ufanyeje?

Ulitafuta mwenyeji. Mimi ni Mngoreme wa Majimoto, ng'ambo ya Mto Mara, na lugha yetu na Kikurya zinasikilizana, kwa hiyo sikupata taabu kubisha hodi katika nyumba za jirani na chuo. Wazee wa pande zetu hawakuweka ng'ombe wote zizi moja. Wengine walipelekwa kwa rafiki au mkwe wa mbali, ili maradhi au wavamizi wakija wasimalize ukoo mzima. Aliyepokea alikunywa maziwa, na udugu ukakaa. Sisi wanachuo tuliifanyia baiskeli vivyo hivyo, bila hata kufikiri kwamba tunafuata mila.

Yangu, Phoenix nyeusi, ililala jikoni kwa mama mmoja mjane, karibu na mbuzi. Moshi uliufuta ung'avu wote kwenye usukani. Malipo hayakuwa fedha: Jumamosi nilipalilia ulezi, jioni nilimfundisha mwanawe wa mwisho hesabu za kugawanya. Kaka wa mtoto huyo naye aliichukua baiskeli kupeleka mahindi mashineni, gunia zima juu ya karia, akairudisha imepinda spoku. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi yenyewe, na hakuna aliyelalamika. Ulimsalimu mama kwanza, ukauliza habari za watoto na mbuzi, ndipo ukaigusa baiskeli. Aliyeingia akaichukua kimyakimya aliambiwa siku ya pili atafute jiko jingine.

Miaka ya tisini baiskeli zilijaa, heshima yake ikashuka. Mgodi wa North Mara pale Nyamongo ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, pikipiki zikaanza kuonekana kwa vijana, na kanuni za 2010 zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni zikamaliza kazi. SanLG, Fekon, baadaye Boxer na TVS. Mwanachuo wa leo huja na pikipiki aliyonunuliwa na kaka yake kwa sharti moja: ijilipie ada. Mchana humpa mwenzake aendeshe bodaboda na kuleta hesabu, jioni inarudi, na swali ni lile letu. Mugumu, kwa wanaosomea uuguzi, kuna la ziada, kwamba vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Serengeti vina tembo wanaotoka usiku, basi aliyechelewa halazi chombo tu, analala nacho.

Sasa kulaza pikipiki ni biashara. Vituo vya mafuta hupokea, nyumba za wageni hupokea, na mimi mstaafu napokea uani kwangu. Natoza pesa, sijifichi, maana hakuna kijana anayetaka kupalilia ulezi. Ila geti silifungui kabla sijaona kadi ya pikipiki na kubaki na nakala yake, kwa sababu ya Sirari: chombo kilichoibwa mjini jioni kinaweza kuwa Kenya kabla ya alfajiri, na polisi wakija huanza na mwenye ua. Banda lina bati upande mmoja tu. Wa mwaka wa pili ndio wanaopata bati. Wa mwaka wa kwanza huleta turubai zao.