Singe za Handeni na Korogwe

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, tumezoea kuhesabu ngoma, mashairi, vinyago na vyungu. Singe, yaani kile kisu kirefu kinachochomekwa kwenye mtutu wa bunduki, hatuihesabu, kwani ni chuma cha mgeni kilicholetwa kuua. Hata hivyo chuma hicho kilipita mikononi mwa watu wetu, na katika nchi ya Wazigua na Wasambaa kiliacha historia isiyofaa kupotea.

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Wajerumani walitandaza njia ya vigari vya kusukumwa kwa mikono kutoka Mombo hadi Handeni. Katikati ya Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliufuata mto Pangani, yakaingia Korogwe, kisha Handeni. Tarehe 24 mwezi huohuo, penye mto Lukigura, kusini ya Handeni, askari wa Uingereza na wa Kashmir waliwavamia Wajerumani kwa singe.

Anayetaka kuitambua singe na aanze na mpini, kisha asome maandishi ya chuma. Mpini wa shaba ya manjano na upanga mrefu ni dalili ya bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, ile iliyotoa moshi mwingi na kumfichua mpigaji. Aina mojawapo ya singe ya bunduki ya 1898 hupanuka kuelekea nchani kama kisu cha mchinjaji, na mgongoni mara nyingi huwa na taji, herufi ya mfalme na tarakimu mbili za mwaka. Ya Kiingereza ina upanga wa sentimeta 43 hivi, taji, herufi GR na tarakimu 1907. Hapo wengi hukosea: 1907 ni mwaka wa kielelezo, mwezi na mwaka wa kutengenezwa huandikwa chini yake kwa tarakimu ndogo. Iliyotengenezwa baada ya Juni 1916 haikuwako Lukigura, ingawa huenda ililetwa na askari aliyerudi kutoka vita vya pili.

Wala alama ya kiwanda haitoshi kumtaja mwenye singe. Waingereza waliposhindwa Tanga mwezi Novemba 1914, waliacha bunduki mamia, na askari wa Kijerumani wakazitumia. Kwa hiyo singe ya Mwingereza huenda ilishikwa na askari wa Mjerumani, na pengine ndugu wawili walielekezeana ncha kwa ajili ya wafalme wasiowajua.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Chuma kinatutajia mfalme, kiwanda, hata mwezi. Jina la mbebaji hakitutajii. Na wako ambao hawakupewa hata singe: wapagazi, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo. Wa upande wa Uingereza pekee waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kukaribia 100,000. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, imeelekeza singe yake bandarini. Mpagazi hana cha kuelekeza.

Basi tukusanye, lakini tusikusanye chuma peke yake. Singe ikionekana shambani au darini, isinolewe wala kusuguliwa hadi alama zifutike, wala isiyeyushwe kwa ajili ya shaba yake. Iandikiwe mahali ilipopatikana, jina la aliyeiacha, na maneno ya wazee juu yake. Na katika nyumba hiyohiyo tuulize pia ni nani aliyebeba mzigo. Kisha ipelekwe Makumbusho pamoja na maandishi hayo. Singe bila jina ni mali ya mfalme aliyekwisha kufa. Ikipata jina, inakuwa mali ya taifa.