Serikali ya Mtaa nchini Tanzania

Serikali ya mtaa ni ngazi ya chini kabisa ya utawala katika miji ya Tanzania Bara. Mtaa huwa ndani ya kata, na kata huwa ndani ya halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Unaongozwa na mwenyekiti na kamati wanaochaguliwa na wakazi, pamoja na afisa mtendaji anayeajiriwa na halmashauri. Nchi ina mitaa zaidi ya 4,000. Vijijini, nafasi hiyo inashikwa na vijiji zaidi ya 12,000, ambavyo navyo vimegawanyika katika vitongoji zaidi ya 60,000.

Maneno haya huchanganywa. Serikali za mitaa, kwa wingi, ni mfumo mzima wa halmashauri unaotajwa katika Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya 1977. Serikali ya mtaa, kwa umoja, ni ile ofisi yenye bendera mlangoni, benchi nje na watu wanaosubiri mtendaji arudi kutoka kikaoni. Mtaa wenyewe si barabara moja yenye nyumba kulia na kushoto. Ni eneo lenye mipaka yake, na katika jiji kama Dar es Salaam mtaa mmoja unaweza kuwa na wakazi maelfu kadhaa.

Ofisi hii ina fedha kidogo na haitungi sheria. Hata hivyo benki, polisi, mahakama na vyuo vinaitegemea kila siku, kwa kuwa ndiyo inayotarajiwa kumfahamu mkazi kwa sura, kwa nyumba na kwa mwenendo. Nguvu zake na kasoro zake nyingi zinaanzia hapo.

Asili

Kuanzia mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilizorithiwa baada ya uhuru zilifutwa na kazi zao zikahamishiwa kwa watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Huduma za miji zikazorota, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1982 Bunge likatunga sheria ambazo, pamoja na marekebisho yake, bado ni msingi wa mfumo: Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji na Na. 9 ya fedha. Halmashauri zilianza kazi upya mwaka 1984.

Chini ya mfumo huo wa serikali kulikuwa na mwingine, wa chama. Tangu katikati ya miaka ya 1960 TANU ilikuwa na balozi wa nyumba kumi, aliyejua nani amehamia, nani ana mgeni na nani hajaonekana siku tatu. Wakati wa chama kimoja haikuwa rahisi kusema alipoishia mtumishi wa chama na alipoanzia mtumishi wa serikali. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ilibidi kazi hizo zitenganishwe, na mwaka 1994 wakazi wakachagua viongozi wa mitaa, vijiji na vitongoji chini ya ushindani wa vyama. Balozi, anayeitwa pia mjumbe, alibaki kiongozi wa shina la CCM, chama kilichorithi TANU. Lakini kwa mazoea, katika mitaa mingi bado mtu huulizwa kwanza, “Mjumbe wako nani?” kabla hajapewa karatasi yoyote.

Muundo

Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kwa kura za wakazi wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na mgombea anatakiwa awe ametimiza miaka 21. Ni lazima adhaminiwe na chama cha siasa. Pamoja naye huchaguliwa wajumbe wa kamati, wakiwamo wanawake waliotengewa nafasi zao. Muhula ni miaka 5, na uchaguzi huendeshwa kwa kanuni za waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Ule wa 2019 ulisusiwa na vyama vikubwa vya upinzani, na CCM ikazoa karibu viti vyote.

Afisa mtendaji wa mtaa ni mtumishi wa umma. Ndiye katibu wa kamati: anatunza daftari la wakazi, anaandika mihtasari na kupeleka taarifa kwa mtendaji wa kata. Yeye analipwa mshahara. Mwenyekiti anapata posho, tena kwa kadiri ya uwezo wa halmashauri. Kwa hiyo ofisi moja ina watu wawili wenye mabwana wawili. Mwenyekiti anawajibika kwa waliomchagua, mtendaji anawajibika kwa mkurugenzi wa halmashauri aliyemleta na anayeweza kumhamisha kesho. Wakielewana, mambo ya mtaa yanakwenda. Wasipoelewana, hata suala la nani ashike mhuri hugeuka ugomvi.

Chombo cha juu mtaani ni mkutano wa wakazi wote. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa, michango inapokubaliwa na viongozi wanapohojiwa. Mkutano wa mjini una shida ambayo wa kijijini hauna sana: wapangaji wengi hutoka alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo wanaohudhuria huwa wenye nyumba, wazee na wafanyabiashara wa hapohapo. Uamuzi wa wote unaweza kufanywa na wachache walioshinda nyumbani.

Juu ya mtaa ipo Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wake, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kero inayoshindikana mtaani hupandia hapo kabla ya kufika kwenye Baraza la Madiwani.

Shughuli za kila siku

Kazi inayoleta watu wengi ofisini ni barua ya utambulisho. Anayefungua akaunti ya benki huweza kuombwa barua hiyo. Anayemwekea ndugu dhamana polisi au mahakamani anatakiwa awe nayo. Fomu ya kuomba kitambulisho cha taifa ina sehemu ya kiongozi wa mtaa au kijiji, na mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu huhitaji sahihi na mhuri wa ngazi hiyohiyo. Barua yenyewe ni fupi: jina, nyumba, muda aliokaa na shida anayokwenda kutatua. Uzito wake uko kwenye neno moja tu, kwamba ofisi inamfahamu.

Kumfahamu huko hupatikana kwa mnyororo. Mkazi mpya anatakiwa kuripoti na kuandikwa kwenye daftari. Asiporipoti, mtendaji humuuliza mwenye nyumba, au humrudisha kwa mjumbe wa eneo lake. Kwa hiyo kabla ya mhuri kugongwa, watu wawili au watatu wamekwisha kusema, “Huyu ni wetu.” Mtu aliyeishi kimya kwa mwaka mzima, bila salamu kwa jirani wala kufika msibani, hugundua gharama yake siku anapotaka barua.

Kumbukumbu hiyo hutumika pia pale serikali kuu inapoushukia mtaa. Mwaka 2022 viongozi wa mitaa walishirikishwa katika operesheni ya anwani za makazi, kisha wakawaongoza makarani wa Sensa ya Agosti 23, iliyohesabu watu 61,741,120 nchi nzima. Kaya maskini zinazoingizwa katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hutajwa kwenye mkutano wa jamii husika. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo isiyo na riba huanza safari yao mtaani na kwenye kata. Mikopo hiyo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4, 4 na 2 kwa makundi hayo matatu.

Kazi nyingine ni za kawaida lakini hazikwepeki: kusimamia usafi na uzoaji taka, kupanga ulinzi shirikishi na polisi kata, kutangaza chanjo na kushughulikia msiba usio na wenyewe.

Njia za malalamiko

Malalamiko yanayofika mtaani ni ya aina tatu, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni ya mkazi na mkazi: jirani anayetiririsha maji machafu, muziki wa usiku kucha, mpangaji aliyefungiwa vyombo ndani kwa deni la kodi, hela ya kikoba isiyorudi. Mlalamikaji hueleza shida yake, mlalamikiwa huandikiwa barua ya wito, kisha wote wawili huketishwa mbele ya mwenyekiti na wajumbe. Lengo ni suluhu, kwani ofisi haina mamlaka ya kuhukumu. Makubaliano huandikwa na kusainiwa. Yanayoshindikana huenda baraza la kata, lililoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1985, au hupelekwa mahakamani. Ugomvi wa ndoa una njia ya pekee: kwa kawaida anayetaka talaka mahakamani sharti kwanza apite baraza la usuluhishi wa ndoa, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyoagiza.

Ya pili ni kero za huduma, na hapa ofisi hulaumiwa kwa yasiyo yake. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Maji ni ya mamlaka ya maji, umeme ni wa TANESCO. Mwenyekiti hana greda, hana bomba, hana nguzo. Anachoweza ni kuandika barua, kupiga simu na kuisemea kero kwenye kikao cha kata. Wakazi wanalijua hilo, lakini bado humwendea yeye, kwa kuwa mlango wake uko karibu na wanamjua anapolala.

Ya tatu ni jinai. Wizi, kupigwa na ukatili wa kijinsia si mambo ya kusuluhishwa mtaani. Wajibu wa kiongozi ni kuyafikisha polisi na ustawi wa jamii. Hata hivyo ndiyo yanayoweza kuharibikia hapo, familia zinapomwomba mwenyekiti “yaishe kienyeji” na yeye akakubali kwa sababu pande zote ni watu wake.

Ardhi

Hakuna shughuli inayoonyesha uzito na hatari ya ofisi hii kama uuzaji wa viwanja. Maeneo mengi ya miji yalijengwa kabla hayajapimwa, na kwa kiwanja kisicho na hati, karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti ndiyo kinga ya mnunuzi. Shahidi huyo hatoi umiliki. Anathibitisha tu kwamba anawajua muuzaji, mnunuzi na majirani wa mipaka. Lakini baada ya miaka kupita, karatasi hiyo yenye mhuri huonekana kama hati yenyewe.

Ushahidi ukawa na bei. Katika maeneo mengi mwenye kuuza au kununua alidaiwa asilimia 10 ya thamani, desturi ambayo viongozi wa kitaifa wameikemea mara kwa mara. Na pale kiwanja kimoja kinapouzwa kwa watu wawili, mara nyingi karatasi zote mbili huwa na mhuri.

Migogoro ya namna hiyo zamani iliweza kuamuliwa na baraza la kata, iwapo thamani haikuzidi shilingi milioni 3. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza uwezo wa kuamua na kuliachia usuluhishi. Likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mipaka ya madaraka

Kijiji na mtaa si sawa kisheria. Kijiji kina halmashauri yake, kinaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, kinatunga sheria ndogo, na kwa Sheria Na. 5 ya 1999 kinasimamia ardhi yake. Mkutano wake mkuu unatakiwa kuitwa angalau kila miezi mitatu. Mtaa ni mkono wa halmashauri ya mji: sheria ndogo zinatungwa juu, ushuru unakusanywa kwa ajili ya juu, na kinachorudi hutegemea bajeti ya huko. Ndiyo maana ofisi nyingi hupangishiwa chumba au hujengwa kwa michango, na ndiyo maana mkazi huweza kuombwa hela kwa barua ambayo hakuambiwa popote kuwa inalipiwa. Mchango halali hupitishwa na mkutano na hutolewa risiti. Usio na risiti ni wa mfukoni.

Nje ya Tanzania Bara

Zanzibar, kazi nyingi kama hizi hufanywa na sheha katika shehia yake. Sheha hachaguliwi kwa kura. Huteuliwa na serikali. Kenya, barua ya kumtambulisha mkazi hutoka kwa chifu, ambaye ni mtumishi wa serikali ya kitaifa, na tangu 2013 anasaidiwa na mpango wa Nyumba Kumi, uliochota jina na wazo kutoka Tanzania. Mwenyekiti wa mtaa ana jambo moja ambalo sheha na chifu hawana: waliomweka wanaweza kumwondoa baada ya miaka 5, mradi uchaguzi uwe na ushindani.

Huku Tanzania Bara, namba ya kitambulisho cha taifa na anwani ya makazi sasa vinajibu sehemu ya swali ambalo zamani lilijibiwa na barua: huyu ni nani, na anakaa wapi. Havijibu kama anaaminika kumdhamini mwenzake, kama mpaka wa kiwanja ulikuwa kwenye mwembe au kwenye mfereji, wala ni kaya ipi imelala njaa. Maswali hayo bado huulizwa kwenye benchi la ofisi ya mtaa, na hujibiwa na aliyekuwapo.