Historia ya pikipiki za bwana shamba, na jinsi ya kuifufua iliyolala bandani kwako

Wiki zilizopita tulizungumzia viwavijeshi na uhifadhi wa mahindi. Leo tuzungumzie chombo kinachomleta afisa ugani shambani kwako, yaani pikipiki, na hasa zile za zamani za Kijapani: Honda XL, Honda CG, Yamaha AG na Yamaha DT. Hapa Masumbwe na vijiji vya jirani bado zipo. Nyingine zimelala kwenye mabanda ya kuku, zingine ziko kwa wastaafu, na zingine zilinunuliwa kwenye minada ya serikali na hazijawaka tangu siku hiyo. Kila mwezi wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita wakiuliza bei. Kabla hujaiweka kwenye mizani, soma kwanza historia yake. Ndani ya historia hiyo ndimo utajua kama inafaa kufufuliwa au la.

Zilikotoka

Kampuni ya Honda iliundwa Japani mwaka 1948, wakati nchi ile inajijenga upya baada ya vita. Yamaha wakaingia kwenye pikipiki mwaka 1955. Mwaka 1958 Honda wakatoa Super Cub, pikipiki ndogo ya mtu wa kawaida, na hadi kufikia 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya Super Cub milioni 100. Siri haikuwa mwendo kasi. Siri ilikuwa injini ndogo isiyokula mafuta mengi, ambayo fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua.

Miaka ya 1970 zikaja aina tunazozijua sisi. Yamaha AG, kama herufi zake zinavyosema, ilikusudiwa kilimo. Ilibuniwa kwa wafugaji wa nchi kama Australia na New Zealand, ndiyo maana ina keria mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa isiingie tope, na stendi pande zote mbili ili uiegeshe hata kwenye mteremko. Honda XL125 ilikuwa ndefu, ya njia mbaya, na injini yake ni ya hatua nne.

Mwaka 1976 Honda wakatoa CG125, na hii ndiyo muhimu kuliko zote kwa msomaji wa leo. Wahandisi waliona kuwa katika nchi zetu watu wengi wanachelewa kubadilisha oili, na injini yenye kemshafti juu kichwani huharibika haraka ikikosa oili. Wakaishusha kemshafti chini, karibu na oili, na kuweka vijiti vya kusukuma valvu. Ukawa muundo wa zamani, mzito kidogo, lakini unaovumilia. Muundo huo ulitengenezwa Brazili na Pakistani, kisha viwanda vya China vikauiga kwa wingi. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaza barabara zetu, injini zake ni wajukuu wa CG.

Zilivyofika kwetu

Wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba eneo letu lilikuwa sehemu ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, kabla ya kuwa Bukombe, na kabla ya Mbogwe kuwa wilaya ndani ya mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Ilikuwa nchi ya pamba, tumbaku na ng'ombe, vijiji viko mbalimbali na barabara ni za vumbi. Bwana shamba wa baiskeli alifika vijiji vichache. Wa pikipiki alifika vingi zaidi.

Pikipiki hizo hazikuwa za kununua dukani. Nyingi zilikuja na miradi, na ndiyo maana ungeona namba zenye herufi DFP, yaani mradi unaofadhiliwa na wahisani. Kulikuwa na miradi ya pamba na mahindi miaka ya 1970, kisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 na kurudisha ngitili na miti mahali palipokuwa pamebaki wazi. Mradi ulikuja na pikipiki, na pikipiki zikaja na sanduku la vipuri: ringi, plagi, nyaya za klachi, sproketi. Sanduku likiwepo, bwana shamba anatembea. Sanduku likiisha, anakaa.

Likaisha wakati mbaya. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni. Mafuta yalikuwa ya mgao, sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse pistoni ya Yamaha. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na kipuri kilichofichwa dukani kiliweza kumpeleka mtu pabaya. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 maduka yakaanza kujaa tena. Lakini kwa miaka ile ya katikati pikipiki nzima nzima ilisimama kwa kukosa kitu kidogo kama waya wa klachi.

Ufundi uliozaliwa na shida

Hapo ndipo mafundi wetu walipojifunza kazi. Aliyekuwa na pikipiki tatu mbovu alitengeneza moja nzima. Waya wa breki ya baiskeli ukafanya kazi ya pikipiki. Gasketi ikakatwa kwenye karatasi ngumu kwa kugongagonga nyundo pembezoni mwa chuma mpaka umbo litokee. Bushi ikakerezwa kutoka kwenye shaba ya mashine nyingine. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lililoanzishwa 1973, lilikuwa limeanza kusambaza stadi za karakana mikoani.

Baadaye dhahabu ikaongeza nguvu. Wachimbaji wadogo walipofurika Kahama na Geita, walihitaji mtu wa kutengeneza pampu za maji na makarasha ya kusaga mawe. Mashine ya kukerezea inayorekebisha shafti ya karasha ndiyo hiyo hiyo inayoweza kupanua silinda ya Honda. Kwa hiyo ukiona leo karakana ya kukereza karibu na machimbo, ujue ni rasilimali yako pia wewe mwenye pikipiki ya zamani.

Kuanzia miaka ya 2000 zikaja za China na baadaye za India, bei ikashuka, na kanuni za 2010 zikaitambua bodaboda kuwa usafiri wa abiria. Honda za zamani zikasukumwa bandani. Lakini mbachao hautupwi kwa msala upitao, maana wimbi hilo la pikipiki mpya ndilo lililoleta vipuri vya bei nafuu vinavyoweza kuifufua CG ya zamani. XL na AG zinahitaji uvumilivu zaidi.

Kabla hujaanza kufungua

1. Nyaraka kwanza. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye kadi. Kama ilinunuliwa mnadani, hati ya mnada iwepo. Pikipiki ya serikali ambayo haijauzwa rasmi ni mali ya umma hata kama imelala miaka 20 uani kwako. Usinyofoe hata skrubu.

2. Usipige kiki. Injini iliyolala ina kutu ndani ya silinda, na kiki moja yaweza kuvunja ringi. Toa plagi, mimina oili kidogo, iache siku mbili, kisha zungusha taratibu kwa mkono. Mwaga petroli na oili ya zamani yote. Safisha tanki na kabureta.

3. Tumia bisibisi sahihi. Skrubu za Kijapani za zamani zina umbo lao. Bisibisi ya kawaida ya nyota haikai vizuri na inakula kichwa cha skrubu. Ukikosa ya Kijapani, gonga skrubu kwanza kwa nyundo kupitia bisibisi ya kugonga, ndipo ulegeze.

4. Moto wa plagi. Zenye platini, safisha na weka uwazi wa milimita 0.3 hadi 0.4. Plagi ya Honda hizi iwe 0.6 hadi 0.7. Pikipiki nyingi zinazoitwa mbovu zina platini chafu tu au waya uliotafunwa na panya.

5. Pistoni kabla ya silinda. Silinda ikiwa imelika, usiipeleke kukerezwa mpaka uwe na pistoni kubwa mkononi. Saizi hupanda kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Mkerezaji apime pistoni yako, ndipo apanue silinda iifuate. Na usidanganywe na kipenyo: CG125 ina silinda ya milimita 56.5, lakini pistoni nyingine ya 56.5 yaweza kuwa na pini tofauti au kichwa kirefu kitakachogonga valvu. Pima vyote vitatu.

6. Yamaha za hatua mbili. Angalia sili za krenki. Zikikauka, injini inavuta hewa pembeni, inapata joto kupita kiasi na kuunguza pistoni. Tumia oili ya hatua mbili tu, na hakikisha pampu ya oili inasukuma kabla ya kwenda mbali.

7. Kipi cha zamani na kipi kipya. Gia, habu, fremu na kava za injini vya zamani mara nyingi ni imara, vitumie. Breki, nyaya, matairi, ringi na sili nunua vipya. Usiokoe shilingi kwenye breki. Na kipuri cha zamani usikitupe mpaka kipya kikae na pikipiki itembee.

Ukipima krenki ukakuta imekufa, na ni aina isiyo na vipuri sokoni, hapo iuze bila majuto. Itakuwa kipuri cha mwenzako.

Somo kwetu sote

Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchi nzima. Kwa vijiji vyetu hilo ni jambo kubwa. Lakini historia tuliyoisoma inatuambia kuwa pikipiki za miradi hazikuuawa na ubovu wa barabara. Ziliuawa na siku ambayo sanduku la vipuri liliisha na hakuna aliyepanga kulijaza tena.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kwenye mkutano wa kijiji au wa halmashauri mnapouliza kuhusu mbegu na mbolea, ulizeni pia: bajeti ya matengenezo ya pikipiki ya afisa ugani wetu ni kiasi gani, na nani anaitengeneza? Ni swali halali. Mahindi yakianza kuliwa na viwavijeshi, tofauti ya afisa kufika kesho au kufika wiki ijayo ni gunia ngapi, unajua mwenyewe.

Na kama kuna fundi mzee kijijini kwako aliyezitengeneza hizi Honda enzi za mgao, mpelekee kijana mmoja akajifunze kwake mapema, angali ana nguvu za kushika spana.

Tukutane makala ijayo, tutaangalia utunzaji wa pampu za kupulizia dawa. Kazi njema.