Sauti Ndani ya Motokaa

Miaka michache iliyopita nilinunua motokaa kuukuu isiyokuwa na redio. Fundi mmoja akanitilia redio mpya na spika mbili milangoni, nikamlipa, nikaondoka kwa furaha. Furaha hiyo haikufika mbali. Kila nilipokanyaga mafuta ulisikika katika spika mlio mwembamba kama wa mbu, ukipanda injini ilipokwenda mbio na kushuka ilipotulia. Habari zikisomwa, mbu yupo. Muziki ukipigwa, mbu yupo. Nilirudi kwa fundi yule, naye akaapa kwamba redio haina kosa. Alisema kweli, ila ukweli huo haukunifaa kitu. Fundi wa pili, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, hakuigusa redio hata kidogo. Aliufuata waya mweusi mpaka mahali ulipofungwa kwenye bati, akakuta bati limepakwa rangi. Akaikwangua rangi kwa kisu hata chuma kikang'aa, akaufunga waya upya. Mlio ukakoma papo hapo.

Nakusimulia jambo hili dogo, msomaji, kwa sababu mbu yule ni wa ukoo wa kale. Watu wa kwanza waliojaribu kuweka redio ndani ya motokaa walipambana na babu zake, na walikuwa wengi na wakali zaidi.

Kituo cha redio cha KDKA kilianza kutangaza mjini Pittsburgh, nchini Marekani, mwezi wa Novemba 1920. Baada ya miaka michache redio zilikuwa zimeenea katika nyumba za Wamarekani, na motokaa nazo zilikuwa zimejaa barabarani. Utadhani kuviunganisha vitu hivi viwili lilikuwa jambo jepesi. Halikuwa. Redio za siku zile hazikuwa na vidude vidogo tulivyo navyo sasa. Zilitumia taa za kioo mfano wa vyupa, ambazo zilitaka umeme wa nguvu nyingi, hali betri ya motokaa ilikuwa ya volti 6 tu. Tena taa hizo zilikuwa laini, na barabara zilikuwa na mashimo.

Lakini shida kubwa ilikuwa injini yenyewe. Injini ya petroli huendeshwa kwa cheche. Kila plagi hutoa cheche mara nyingi kwa dakika moja ili kuwasha petroli. Basi kumbuka kwamba Marconi alipoanza kupeleka habari bila waya, mwishoni mwa karne ya 19, chombo chake cha kupelekea habari kilikuwa ni cheche za umeme. Kila cheche hutawanya mawimbi ya redio pande zote. Kwa hiyo mtu aliyeweka redio ndani ya motokaa alikuwa ameiweka karibu na kituo kingine cha kutangazia, kisichosema neno ila kukoroma, nacho kilikuwa umbali wa hatua moja tu kutoka miguuni pake. Kituo cha mjini kilichokuwa mbali maili 20 kingewezaje kusikika?

Mjini Chicago palikuwa na kampuni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1928 na Paul Galvin pamoja na ndugu yake Joseph. Walitengeneza kifaa cha kuiwezesha redio ya nyumbani kutumia umeme wa ukutani badala ya betri. Uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 1929 biashara yao ikawa mashakani, na Galvin akaona hana budi kutafuta kitu kipya cha kuuza. Alichagua redio ya motokaa. Mwezi wa Juni 1930 palikuwa na mkutano wa watengenezaji wa redio mjini Atlantic City, kando ya bahari. Galvin hakuwa na fedha za kukodi mahali ndani ya maonyesho. Aliiendesha motokaa yake kutoka Chicago, akaisimamisha nje, akaifungulia redio sauti mpaka wapita njia wakageuka. Alirudi nyumbani na oda za kutosha kuendelea. Redio hiyo aliiita Motorola, na mwaka 1947 jina hilo likawa jina la kampuni yenyewe.

Husimuliwa pia kwamba alipokuwa akitafuta mkopo, Galvin alimtilia redio mwenye benki mmoja katika motokaa yake aina ya Packard, kusudi amvutie. Muda mfupi baadaye Packard ile ikashika moto. Mkopo haukupatikana.

Ningependa ufikiri juu ya kazi aliyokuwa nayo fundi wa mwaka 1930. Redio ilimgharimu mnunuzi dola 110 au zaidi, wakati motokaa nzima ya Ford iliweza kupatikana kwa dola 500 hivi. Basi mtu aliyeikabidhi gari yake kwa fundi alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Fundi alitoboa matundu katika gari hiyo. Alikata sakafu ili kuweka sanduku la betri za ziada. Alitafuta mahali pa spika, ambayo ilikuwa kubwa na nzito. Kisha akabandua kitambaa cha ndani ya paa na kutandaza huko wavu wa waya uwe antena, kwa maana mapaa mengi ya siku zile yalikuwa ya mbao na turubai. (Ilipofika mwaka 1935 kampuni ya General Motors ilianza kutengeneza mapaa ya chuma kitupu, na chuma huzuia mawimbi; mafundi wakalazimika kuitoa antena nje. Hivyo ndivyo antena ilivyopata kusimama juu ya magari kama unyasi.) Mwisho, fundi aligeukia mbu: akafunga rezista katika kila plagi ili kuzidhoofisha kelele za cheche, akafunga kapasita kwenye jenereta, akahakikisha kila bati limeshikana na jenzake chuma kwa chuma. Ilikuwa kazi ya siku nzima au zaidi, na nusu yake ilikuwa kuinyamazisha gari kabla redio haijasema.

Mambo yaliyofuata nitayapitia upesi. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, na mwaka 1955 Chrysler ikatangaza redio ya motokaa isiyokuwa na taa za kioo hata moja. Mwaka 1956 kampuni hiyo hiyo iliwauzia watu gramafoni ya kupiga santuri ndani ya gari. Waweza kukisia ilivyokuwa sindano ilipokutana na shimo. Kaseti ya Philips, iliyotokea mwaka 1963, nayo ilimpa dereva uwezo wa kuchagua muziki wake mwenyewe.

Nchini Kenya historia hii ilichukua njia yake. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni waliyotakiwa kuwa nayo wenye mabasi. Magari yakazidi, abiria wakagombaniwa, na muziki ukawa chambo. Redio moja haikutosha tena. Zikaja spika za kutikisa kifua na vikuza sauti vya kuzilisha. Hapo hesabu uliyojifunza darasani inahusika: kikuza sauti cha wati 300 katika betri ya volti 12 hunyonya ampea 25. Waya mwembamba wa redio ukipitisha ampea hizo utawaka. Unatakiwa waya mnene unaotoka moja kwa moja katika betri, na fyuzi karibu kabisa na betri hiyo, ili waya ukichunika popote njiani fyuzi ikatike kwanza. Nimeona magari yasiyo na fyuzi hiyo, nami sikuyapanda.

Kanuni za kuzuia kelele zilitangazwa mwaka 2009, lakini kanuni haina mkono wa kupunguzia sauti. Siku moja nilikuwa katika matatu jioni, na mama mmoja alikuwa amempakata mtoto mwenye homa.

"Mwanangu," alimwambia kondakta, "tafadhali nipunguzieni kidogo."

"Sawa, mama," kondakta akajibu, akampigia dereva ishara. Sauti ikashuka.

Kijana aliyeketi nyuma, mwenye sare ya shule, akasema kwa adabu kwamba ameiacha gari nyingine iliyokuwa na nafasi, akaingia hii kwa ajili ya muziki, na nauli amelipa kama wengine. Mama hakumjibu. Abiria wengine tuliitazama mikono yetu. Dereva alibaki na vidole juu ya kitufe cha sauti, asiongeze wala asipunguze, mpaka tulipofika kituoni.