Fowili au Ng'ombe wa Mahari: Historia Fupi ya Gari na Matope Yetu

Ndugu zangu, kuna swali limenikalia kichwani mwezi mzima sasa: ninunue stesheni wagoni ya fowili iliyotumika, au niache? Fedha ninazo. Si nyingi, ni akiba ya miaka miwili ya mshahara wa mwandishi wa habari, na mishahara yetu mnaijua wenyewe. Tatizo ni kwamba fedha hizo zina mgombea mwingine. Zinaweza kuwa ng'ombe wa mahari, na kwetu Usukumani baba wa binti hahesabu ahadi, anahesabu ng'ombe waliosimama zizini.

Gari lenyewe ni Subaru Legacy, namba C, lipo yadi hapa Mwanza ninakofanyia kazi. Mama yuko Lagangabilili, makao makuu ya wilaya ya Itilima, ingawa nyumba yetu iko pembeni, ukishavuka korongo ambalo kiangazi ni mchanga mtupu na masika ni mto. Kila mwezi mama anakwenda kliniki ya kisukari Bariadi. Mvua ikinyesha, bodaboda hawavuki. Baba mdogo amenipigia simu mara tatu: "Mwanangu, chukua hiyo Subaru, inapanda mpaka ukutani, wewe huoni mama yako anavyoteseka?" Mchumba wangu hasemi kitu. Na nyie mnajua, mtu akinyamaza hivyo amesema mengi.

Basi nikafanya kitu pekee ninachokiweza: nikaanza kuchimba. Gari la namna hii limetoka wapi, lilitengenezwa kwa ajili ya nani, na sisi lilitufikiaje? Niliona nikijua lilizaliwa kufanya kazi gani, nitajua kama kazi hiyo ndiyo yangu.

Tuanze na jina. Stesheni wagoni ni gari la stesheni kweli kweli. Lilianzia Marekani, likitumika kubeba abiria na mizigo yao kutoka stesheni ya treni kwenda hotelini na majumbani. Ndiyo maana lina mgongo mrefu nyuma. Lakini halikuwa gari la porini. Gari la porini lilikuwa jipu la jeshi, na baada ya vita ikaja Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, bodi lake la aluminiamu kwa sababu chuma Uingereza kilikuwa cha mgao. Hiyo ndiyo wazee wetu wanayoikumbuka. Alikuja nayo bwana shamba, akaja nayo mkuu wa wilaya, akaja nayo padri. Mwananchi aliisukuma ilipokwama, hakuinunua.

Aliyeunganisha vitu hivi viwili, starehe ya stesheni wagoni na nguvu ya jipu, alikuwa na shida inayofanana sana na yetu, isipokuwa tope lake lilikuwa theluji. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu huko Japani, ilikuwa na mafundi wanaozunguka milimani kukagua nyaya majira ya baridi. Walitumia majipu, na jipu ni baridi, linarusha, linachosha. Wakaomba gari la kawaida la familia linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Wakala wa Subaru katika mkoa wa Miyagi akajaribu kulitengeneza, na baada ya majaribio hayo kampuni mama, Fuji Heavy Industries, ikatoa Leone ya fowili mwaka 1972. Legacy ilikuja 1989. Ile Legacy iliyoinuliwa juu, ambayo mtaani tunaiona imeandikwa Lancaster au Outback, ilifuata katikati ya miaka ya tisini.

Hebu liweke hilo akilini: gari hili lilibuniwa kwa ajili ya fundi wa umeme. Nyaya hukatika siku ya dhoruba. Fundi hawezi kusema nitakwenda kesho jua likiwaka. Kwa hiyo fowili ya stesheni wagoni ni gari la mtu ambaye LAZIMA aende siku ile mbaya kuliko zote.

Sasa turudi Afrika Mashariki, maana hapa kuna ushahidi unaopingana na baba mdogo. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari, wakati huo kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na miaka ya mwanzo njia zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakuna maabara ya matope kubwa kuliko ile. Nani alishinda? Mwaka 1954 ilishinda Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 na kisha 1979 hadi 1982, kwa Datsun. Mwaka 1963 na tena 1968 mvua ilikuwa kali kiasi kwamba magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na miaka yote miwili ya kwanza ilikuwa Peugeot. Ndugu msomaji, magari yote hayo niliyoyataja yalikuwa yanavuta kwa magurudumu mawili! Gari la kwanza la fowili kushinda Safari lilikuwa Audi ya Hannu Mikkola, mwaka 1987. Miaka 34 tope letu lilishindwa na magari yasiyo na fowili.

Yalishindaje? Yalikuwa na mwili mgumu, yamekaa juu, spea zake zilipatikana, na dereva alijua mahali pa kukanyaga na mahali pa kuzunguka. Tena yalikuwa na watu njiani wa kusukuma. Hilo tusilisahau.

Kwa nini basi mtoto wa mkulima wa pamba kama mimi anaweza leo kukaa na kuchagua kati ya Subaru na Toyota kama vile anachagua viatu? Hili nalo lina historia yake, na si ya zamani sana. Waulize wazazi wenu. Miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini mafuta yalikuwa shida hadi magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Fedha za kigeni zilikuwa mikononi mwa serikali, na gari lilikuwa la shirika au la ofisi. Mlango ulifunguliwa kidogo na bajeti ya 1984, pale wenye fedha zao nje waliporuhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipataje. Akaja Mzee Mwinyi mwaka 1985, Mzee Ruksa, na mwaka uliofuata tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kuanzia hapo bandari ya Dar es Salaam ikaanza kuijua mitumba ya Japani.

Na Japani ilikuwa na sababu zake. Kule gari jipya linakaguliwa likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi una gharama. Wengi wanaona bora kubadilisha gari. Wao wanaendesha kushoto kama sisi, usukani kulia kama wetu. Ndivyo theluji ya Tohoku ilivyokutana na mbuga ya Itilima.

Nimesema mbuga, na sina maana ya Serengeti. Kwa Msukuma mbuga ni udongo ule mweusi wa bondeni. Wazee wetu walikuwa na jina kwa kila udongo kadiri unavyoshuka kutoka mlimani, luseni ule wa kichanga, hadi mbuga huko chini, na mtaalamu Geoffrey Milne wa kituo cha Amani aliandika kuhusu mpangilio huo wa udongo wa Afrika Mashariki miaka ya thelathini. Mbuga kiangazi inapasuka nyufa unazoweza kuingiza mguu. Ikinyeshewa inakuwa sabuni, kisha gundi. Inajaza tairi mpaka meno yote yapotee, na tairi lisilo na meno, hata yakiwa manne yanavuta, yanazunguka tu pamoja. Fowili inakusaidia kuondoka. Haikusaidii kusimama, wala hailiinui tumbo la gari. Legacy ya kawaida imekaa chini karibu sawa na Corolla. Ukikaa na tumbo juu ya tope, magurudumu manne yanaelea kama miguu ya mtoto aliyekalia kiti cha mkubwa.

Kuna gharama nyingine ambayo madalali hawaitaji. Gari linalovuta kwa magurudumu yote muda wote linataka matairi manne yanayolingana. Tairi moja likipasuka Nkoma au Mwamapalala, ukafunga la mtumba lenye mzunguko tofauti, unaanza kuua mitambo ya katikati taratibu. Injini ya Subaru ya lita 2.5 ya miaka ile inajulikana kwa kuvuja gasketi ya silinda hedi, na fundi anayeijua vizuri yuko Mwanza, si Lagangabilili. Corolla ya stesheni, au Probox, fundi wake yupo chini ya mti wowote. Si bahati mbaya kwamba michomoko mingi ya Kanda ya Ziwa ni magari ya namna hiyo. Madereva wale hawana falsafa, wana hesabu.

Basi nikarudi kwa yule fundi wa umeme wa Tohoku, nikajiuliza swali lake: je, mimi ni mtu ambaye lazima aende siku mbaya kuliko zote? Nikafungua shajara. Mwaka jana nilikwenda nyumbani mara 11. Mara 8 njia ilikuwa kavu. Mara 3 ilikuwa mvua, na mara zote 3 lami ilinifikisha vizuri kutoka Mwanza hadi Lamadi, kisha Lamadi hadi Bariadi. Shida yangu yote iko kwenye kipande cha mwisho, na kubwa kuliko zote ni lile korongo.

Halafu likaja jambo ambalo baba mdogo hajaliona. Siku mama akizidiwa usiku wa mvua, hiyo Subaru itakuwa wapi? Itakuwa Mwanza, imeegeshwa nje ya chumba changu cha kupanga. Gari la siku mbaya linatakiwa kuwa pale siku mbaya ilipo. Kule nyumbani usiku huo kilichopo ni mkokoteni wa ng'ombe, fowili ya babu, ambayo mpaka leo inavuka mbuga wakati magari yamelala. Mama mwenyewe hawezi kuhamia kwangu masika, maana masika ndiyo shamba.

Kwa hiyo nimeamua. Subaru siichukui. Nitatafuta Corolla ya stesheni ya kawaida, injini ndogo, isiyo fowili, nifunge matairi mazuri na niiinue kidogo. Itanigharimu pungufu, na kinachobaki kinakwenda zizini kwa wakwe. Mama atakuwa anatangulia Bariadi siku mbili kabla ya kliniki, analala kwa mama mkubwa, na mkokoteni utamvusha. Si suluhisho zuri, ni suluhisho lililopo.

Lakini lile korongo haliondoki kwa mimi kununua au kutonunua. Kuanzia Land Rover ya bwana shamba mpaka Subaru ya mwandishi, tumekuwa tukinunua magari badala ya madaraja, na anayenunua anavuka peke yake. Wajawazito wa upande ule hawana Subaru. Tangu 2017 tuna TARURA ya barabara za vijijini, na kila mwaka kuna bajeti inayosomwa kwenye baraza la madiwani. Kalavati moja pale lingemvusha mama, na bodaboda, na mkokoteni, na pamba ya watu wote. Kuuliza limo kwenye bajeti ipi, hiyo ni kazi ninayolipwa kuifanya, na kikao kijacho nitakuwepo.

Mshenga anakwenda Jumamosi. Baba mdogo bado sijamwambia. Wewe ungekuwa mimi, ungemwambiaje?