Ukikonda Gakoromone, Hakuna wa Kukupongeza

Wasee wangu, leo niacheni kidogo na mambo ya mitumba. Nataka tuongee kuhusu mizani. Si ile ya waru. Ile ya bafuni.

Anti yangu anauza waru kwa jumla pale Gakoromone. Mwaka jana watoto wake walichanga pesa, akaenda Nairobi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ile wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula inabaki kama ndizi. Sukari ilikuwa imemsumbua na magoti yalikuwa yamekataa kazi. Akarudi, kilo zikaanza kuteremka, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani soko litamshangilia. Wapi! Watu walianza kunong'ona. "Kwani ni nini inamla?" Mwingine akaniuliza mimi uso kwa uso kama anti ako na "ile kitu". Sahii anti anavaa sweta mbili jua likiwaka, aonekane bado amejaza.

Halafu akifika nyumbani anapanda mizani asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Yaani anahukumiwa na soko kwa kupungua, kisha anahukumiwa na mizani kwa kutopungua haraka. Nikaona wacha nichimbe hizi hukumu mbili zilitoka wapi.

Ya soko ni ya juzi tu, wazazi wetu waliiona kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, watu walianza kukonda na kufa. Wenyeji wakauita ugonjwa huo "Slim". Mwaka wa 1985 madaktari wa Uganda, David Serwadda akiwa mmoja wao, pamoja na wenzao wa nje, waliuandika kwenye jarida la Lancet kwa jina hilohilo, wakauhusisha na virusi tunavyoviita leo HIV. Kenya kisa cha kwanza kilitambuliwa 1984, na ni mpaka Novemba 1999 ndipo Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Hesabu hiyo miaka: kumi na tano. Kwa muda huo wote watu wa mtaa hawakuwa na vipimo karibu. Walikuwa na macho. Mtu akikonda, wanajua, au wanadhani wanajua. Kwa hivyo wale kina mama wanaomnong'onia anti si watu wabaya. Wengi wamezika ndugu. Dawa zimekuja, watu wanaishi miaka na miaka, lakini macho yao hayajapata habari.

Na hata kabla ya hapo, huku kwetu kilo nyingi ilikuwa habari njema. Mtoto anafungwa kwenye ile mizani ya kuning'inia kliniki, analia, nesi anaweka nukta kwenye kitabu, na mama anaomba tu mstari upande. Sokoni pia ni vivyo hivyo. Gunia la waru lilikuwa linajazwa, linaongezwa nyavu juu, linazidi hata kilo 100 na mkulima analipwa la kawaida. Sheria ya 2019 ikasema gunia la waru lisizidi kilo 50. (Kama inafuatwa, kuja Gakoromone siku ya soko uone mwenyewe.) Anti amepigana na hayo magunia maisha yake yote. Anajua mizani inaweza kukuibia. Cha ajabu, ile ya nyumbani anaiamini kama Biblia.

Sasa sikieni hii. Mtu wa kwanza tunayemjua kujipima uzito kwa utaratibu wa kisayansi ni daktari wa Italia, Santorio Santorio. Jamaa alitundika kiti kwenye mizani, akawa anakula akiwa amekalia, anapima chakula, anapima kinywaji, anapima hadi choo chake. Alifanya hivyo kwa karibu miaka thelathini, akatoa kitabu 1614. Na alichogundua ni kwamba sehemu kubwa ya alichokula haikuonekana chooni wala kubaki mwilini. Ilipotea kwa ngozi na pumzi, polepole, bila yeye kuhisi. Kumaanisha mzee wa kwanza wa mizani tayari alijua kilo zinapanda na kushuka siku nzima na si mafuta.

Ile hesabu ya kilo kugawanya na urefu mara urefu, ambayo daktari alimwonyesha anti, ilianza na Mbelgiji Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, akitafuta "mtu wa wastani", hana habari na unene. Mmarekani Ancel Keys ndiye aliipa jina la BMI mwaka wa 1972, kwa kutumia vipimo vya wanaume tupu. Upasuaji wenyewe wa kupitisha chakula kando ya tumbo ulianza Iowa, Marekani, na Edward Mason mwaka wa 1966. Mimi sisemi hiyo hesabu ni takataka, inasaidia. Nasema tu haikuwahi kutengenezwa kumwambia mama mmoja wa Meru kama leo ameshinda au ameshindwa.

Kwa hivyo nilikaa na anti, nikamwambia apande mizani, kisha anywe nusu lita ya maji na apande tena. Nusu kilo imeongezeka hapo hapo. Alicheka hadi akashika mbavu. Tukaitoa mizani kwa zulia tukaiweka kwa simiti, maana kwa zulia inadanganya. Tukakubaliana Jumatatu tu, asubuhi, akishatoka choo na kabla ya chai, na leso ileile. Anaandika kwa kitabu cha hesabu za waru, ukurasa wa nyuma. Daktari wake alikuwa amemwambia mapema kwamba miezi ya kwanza kilo hukimbia, kisha mwendo hupungua, na kuna wiki hazisongi kabisa. Alisahau kwa sababu ya woga. Vitamini na protini ndizo alitakiwa kuhesabu kila siku, na ndizo alikuwa anaruka.

Jumatatu iliyopita ilisoma kilo zilezile za wiki mbili nyuma. Aliandika, akafunga kitabu, akawahi lori la waru kutoka Kibirichia. Lakini sweta mbili bado anavaa.